Kapteni Aliyetaka Soda Baridi Asubuhi

Mara ya kwanza kumwona alikuwa amelala. Mara ya pili pia.

Ilikuwa Lodwar, nyuma ya soko, mahali ninapokwenda kuchukua kreti za soda za kuuza Kakuma. Kinyozi mmoja wa hapo alikuwa na kiti kizuri cha kuzunguka, na juu ya kiti hicho alikuwa amejilaza mtu mnene mwenye sare ya polisi, kofia usoni, mikono juu ya tumbo kama maiti iliyoshiba. Nikadhani anasubiri kunyolewa. Nikaenda, nikapatana bei na wapakiaji, nikahesabu chupa zangu, nikazihesabu tena kwa sababu mara ya kwanza huwa nahesabu na tamaa. Niliporudi bado yuko pale pale, na kinyozi anamnyoa mteja mwingine aliyekalishwa juu ya ndoo.

"Huyo ni nani?" nikamuuliza.

"Huyo ni serikali," akasema kinyozi kwa sauti ya chini. "Usiiamshe."

Sasa, mimi najua mpelelezi anavyotakiwa kuwa. Kakuma tuna vibanda vya video vya mabati, unakaa kwenye benchi unatazama sinema huku jamaa mmoja anatafsiri kwa Kiswahili cha kelele na kuongeza maneno ya kwake. Katika sinema hizo mpelelezi halali. Anaruka kutoka gari hili hadi lile, anapiga teke mlango ambao haukufungwa, na hata chakula anakula akiwa amesimama. Ukimpa kiti, anakirusha dirishani. Kwa hivyo niliposikia kwamba serikali ile ya kwa kinyozi imehamishiwa kwetu Kakuma, tena awe mkubwa wa kituo, nilisikitika kama mtu aliyeuziwa mbuzi mwenye mimba akakuta ni maji tu tumboni.

Mbele ya kibanda changu cha soda hukaa mama mmoja wa Sudan Kusini anayetoka kambi ya wakimbizi kila asubuhi kuuza chai na mandazi. Yeye ndiye aliyempa jina la Kapteni. Polisi wetu hawana cheo hicho, lakini kwao, aliniambia, kila mwenye tumbo na redio ya mkononi ni kapteni. Watu wa vibanda vya video wakalipenda jina, likashika. Kila gari la polisi lilipoonekana, mama chai alikuwa akinipigia kelele: "Kapteni amekuja! Ficha kiti!"

Kiti kilikuwa shida ya kweli. Nilikuwa na kimoja tu, cha plastiki, cha buluu, chenye mikono, nilichokipata Lodwar baada ya kubishana na muuzaji mpaka akasahau faida yake. Kapteni alikipenda siku ya kwanza. Alikivuta kivulini, akajimwaga ndani yake, na miguu ya kiti ikafunguka kidogo kama ya ngamia anayekojoa.

"Mama," akasema, macho yamefumba tayari, "hapa kuna upepo."

"Hakuna upepo, mkubwa. Ni lori limepita."

"Basi litapita lingine." Akalala.

Chini yake kwa cheo alikuwapo inspekta kijana, mwembamba, mwenye viatu vinavyong'aa katikati ya vumbi lote la Turkana, jambo ambalo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Huyu alikuwa wa sinema kabisa. Alishuka garini kabla halijasimama. Alivuka barabara akikimbia wakati hakuna gari. Ukimsalimu "ejok" hajibu, anakuuliza kitambulisho. Watu wa mashirika ya misaada walimpenda sana kwa sababu alikuwa anaandika kila wanachosema. Tulisema wazi, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba kituo chetu kina mtu mmoja wa kazi na gunia moja la unga lililovalishwa sare.

Halafu zikaibwa betri za zahanati.

Zahanati yenyewe iko upande wetu wa mji, ng'ambo ya barabara kutoka steji ya mabasi ya Kitale. Huku waya wa stima haujafika. Kila mtu anajitegemea: wengi wana paneli ya sola juu ya bati na betri ndogo chini ya meza, wachache wana jenereta. Zahanati ilikuwa na betri kubwa, zile nzito za kubebwa na watu wawili, kwenye chumba kidogo cha nyuma. Ndizo zilizoendesha friji ya chanjo na taa za usiku. Jumatatu asubuhi nesi alikwenda kufungua chumba hicho, kufuli liko mahali pake, limefungwa vizuri, ila ufunguo wake hauingii. Walipolivunja, walikuta waya zinaning'inia na mende mmoja. Chanjo ilikuwa imeshakuwa supu. Akina mama waliokuwa wamepanga foleni na watoto mgongoni wakaambiwa warudi nyumbani, na wengine walikuwa wametembea tangu kabla ya alfajiri.

Mlinzi wa usiku wa zahanati hiyo alikuwa mdogo wangu. Kitinda mimba wa mama yetu, mtu mpole mpaka anaudhi. Inspekta alimtia pingu kabla chai haijapoa.

"Ama ulilala, ama mligawana," akamwambia mbele ya watu wote. "Chagua moja."

"Sikulala, afande."

"Basi umechagua."

Jioni ya siku hiyo tukajua mpango: Ijumaa asubuhi atapelekwa Lodwar, akae mahabusu mpaka kesi isikilizwe. Nani hajui mahabusu ya Lodwar? Mtu huingia na ndevu za wiki, anatoka na ndevu za babu yake. Na akitoka, hata akiwa hana hatia, nani atampa tena lango la kulinda? Mlinzi aliyeitwa mwizi ni kama soda iliyofunguliwa jana. Nilikuwa na siku hizo chache za kumtoa, na mtu wa kumwomba alikuwa Kapteni.

Kitu kikipotea Kakuma, wenyeji husema ni wakimbizi, wakimbizi husema ni wenyeji, na watu wa mashirika huitisha mkutano. Safari hii yote matatu yalifanyika siku moja. Inspekta alipekua kambini, akamwaga birika za mama chai akitafuta betri ndani ya chai. Kwenye mkutano, aliyesimama kwa hasira kuliko wote alikuwa tajiri wetu wa hoteli, ile hoteli kubwa ya pale steji yenye vyumba vya wageni uani. Mtu wa kanisa, anayesoma matangazo kila Jumapili akiwa na leso nyeupe mkononi. Alisema hao wanaoiba dawa za watoto wachanga wasihurumiwe. Alisema walinzi wa siku hizi ni mbwa wanaobwekea mwenye nyumba. Kisha akatangaza kwamba yeye atakuwa wa kwanza kuchangia betri mpya, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mikono yangu ilikuwa imeshika sufuria ya chakula cha mahabusu.

Kapteni alikuwa amekaa nyuma kabisa ya mkutano. Sina haja ya kusema alikuwa anafanya nini.

Nilipofika kituoni na sufuria, nilimkuta ameamka. Alikuwa ameegemea nondo za selo kana kwamba yeye ndiye aliyefungwa. Akamuuliza mdogo wangu swali moja.

"Taa ile ya nje, juu ya mlango. Jumapili ulipoingia kazini jioni, iliwaka?"

"Haikuwaka, afande. Nikafikiri ni ile kawaida yake."

"Kawaida yake," akasema Kapteni. Akapiga mwayo ambao ungeweza kupitisha boda boda. "Haya. Kula, chakula cha dada yako kinapoa."

Akaenda zake. Hakuandika. Hakumtisha mtu. Mimi nikabaki na sufuria na hasira. Kijana wa watu anaozea ndani, na huyu anauliza habari za balbu!

Kesho yake ndipo alipoanza wazimu wake wa soda. Nilikuwa ndio kwanza ninafungua, jua halijapanda juu ya vilima, mama chai anapuliza makaa. Kapteni akatokea, akavuta kiti cha buluu, akaketi.

"Mama, nipe soda baridi."

Nikafikiri sijasikia. Saa hiyo watu wenye akili wanakunywa chai. "Mkubwa, baridi ni mchana. Jua likipanda, sola inakula, friji inaganda. Usiku betri yangu inakufa. Asubuhi yote ni ya moto."

"Nipe niione."

Nikampa. Akaishika, akaiweka shingoni, akaiweka shavuni, akaguna kama mgonjwa. Kisha akairudisha mezani bila kuifungua.

"Hii ni moto," akasema.

"Si nimekuambia?"

"Soda moto haiwezi kuwa na bei ya soda baridi."

"Mkubwa, kwanza hujanunua. Bei ya kushika ni bure. Bei ya kunywa ni ile ile, ubaridi ni zawadi yangu mimi."

Akacheka, tumbo likaenda na kurudi. Akanyanyuka, akaenda kibanda cha pili. Kutoka kwangu nilimwona anaweka chupa shingoni. Akaenda cha tatu. Alizunguka vibanda vyote vya barabara ile na vile vya kuelekea kambini, akishika chupa na kuziacha, kama mama mja mzito asiyejua anatamani nini.

"Kapteni anatafuta nini?" nikamuuliza mama chai.

"Anatafuta baridi," akasema. "Na baridi mafi! Hakuna. Hata Mungu hana baridi saa hii Kakuma."

Asubuhi iliyofuata akarudia tena. Mji mzima ukacheka. Watu wa vibanda vya video wakatunga mchezo, mmoja anajaza kanzu mto wa kulalia, anazunguka akisema "soda, soda, mama, soda," na mwingine amefungwa kamba anamlilia msaada. Nilicheka na mimi, halafu nikakumbuka aliyefungwa kamba ni wa kwetu.

Jumatano mchana nikaamua kwenda kumkabili. Nilijipanga kama siku ya kununua kreti: unaanza juu, unashuka kidogo kidogo, na usionyeshe kwamba una haja. Nilimkuta kivulini nyuma ya kituo, viatu ameweka kando.

"Mkubwa, mwachie kijana leo."

"Haiwezekani."

"Kesho basi. Atakuja kuripoti kila asubuhi."

"Haiwezekani."

"Basi asipelekwe Lodwar. Akae hapa hapa nimpikie, mpaka mpate betri zenu."

"Safari ya Ijumaa imepangwa. Gari limetengewa mafuta." Akafungua jicho moja, akaniangalia nalo kwa muda, jicho jekundu lakini halikuwa la usingizi, na hilo lilinishangaza. "Mama, soda yako asubuhi ilikuwa moto tena."

"Nimekuja kwa habari ya ndugu yangu, wewe unaniambia habari ya soda!"

"Endelea kuuza hiyo hiyo ya moto," akasema, akalifunga lile jicho. "Ni soda nzuri sana."

Nimefanya biashara na watu wa kila aina. Nimebishana na Wasomali wa dukani, na wenye samaki kutoka ziwani, na wazee wa Kiturkana ambao wakiuza mbuzi mmoja wanakusimulia habari za ukoo wake mzima. Sijawahi kuondoka sokoni mikono mitupu namna ile. Njiani nilimtukana kwa lugha zote ninazozijua, na nilipozimaliza nikaazima mbili za mama chai.

Alhamisi ikazidi ubaya. Habari zilinifikia kabla ya magharibi: Kapteni amechukua chumba kwenye hoteli ya tajiri. Eti kwake kuna joto. Eti anataka kupumzika. Tajiri mwenyewe alikuwa anatangaza kwa fahari pale mlangoni, leso nyeupe inapunga, kwamba mkubwa wa kituo ameona vyumba vyote vya Kakuma na kuchagua chake. Mdogo wangu amelalia sakafu usiku wake wa mwisho Kakuma, na mtu aliyepaswa kumtetea analalia godoro la hoteli! Nilimwambia mama chai kama serikali ni hiyo, bora wangetuletea mawe, mawe angalau huwa hayaombi kiti.

Ijumaa asubuhi nilikuwa steji mapema, nimefunga mkoba, nataka kutangulia Lodwar ili mdogo wangu akifika akute uso anaoujua. Basi la Kitale, linalopitia Lodwar, lilikuwa linapakia. Abiria walikuwa wamejaa mbele ya hoteli ya tajiri, wananunua maji ya safari, na ghafla gari la polisi likaingia na vumbi lake lote. Inspekta akashuka kabla halijasimama. Nyuma, kwenye benchi la chuma, mdogo wangu alikuwa amekaa na pingu, macho chini. Inspekta hakuwa na habari naye. Alikuwa amekuja kununua maji baridi ya njiani.

Wakati huo huo mlango wa chumba kimoja uani ukafunguka, Kapteni akatoka. Ndala miguuni, taulo shingoni, shati la sare vifungo viwili tu. Akajikuna mgongo kwenye nguzo ya hoteli taratibu, kama ng'ombe.

"Tajiri!" akaita. "Nimelala kama mtoto mchanga."

"Karibu sana, mkubwa. Ndiyo huduma yetu."

"Hata jenereta haikunisumbua."

"Jenereta tunazima mapema jioni, mkubwa. Kwa ajili ya wageni."

"Mapema jioni," akasema Kapteni, akageukia abiria kana kwamba anawasifia hoteli. "Mnasikia? Wanajali usingizi wa watu. Mimi jambo hilo nalipenda sana. Hebu nipe maji, tajiri, nioshe koo."

Tajiri mwenyewe akaingia ndani, akatoka na chupa, akaipangusa na leso. Kapteni akaishika. Akaiweka shingoni. Na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakuguna. Aliitingisha karibu na sikio lake, na mimi niliyekuwa nimesimama kando ya basi nikasikia: kogo, kogo. Barafu.

"Inspekta," akasema, "shika hii."

"Ni barafu, mkubwa."

"Ni barafu. Jua halijatoka, kwa hiyo si sola. Jenereta imelala tangu jana jioni, na mimi nimelala karibu nayo, sikusikia hata ikikohoa. Na maji ni barafu." Akamgeukia tajiri kwa upole. "Nieleze hiyo sayansi, ndugu yangu. Mimi sikusoma sana."

"Ni friza nzuri, mkubwa. Nimeitoa Nairobi."

"Nataka kununua kama hiyo. Inakaa wapi?"

Sijawahi kuona leso nyeupe ikifanya kazi namna ile. Tajiri alijipangusa paji la uso, akajipangusa shingo, akasema funguo za stoo anazo mke wake, na mke wake amesafiri. Hapo ndipo inspekta alipoamka. Niseme ukweli, alipendeza. Alikimbia, akaruka meza, akaupiga mlango wa stoo teke moja la sinema, na mlango, ambao haukuwa umefungwa, ukafunguka kwa amani na yeye akaingia nao mpaka kwenye magunia ya unga.

Nyuma ya magunia hayo, chini ya maturubai, betri zilikuwa zimepangwa kama watoto wa shule, waya zake zikipita ukutani hadi kwenye friza. Tajiri akaanza kusema alinunua kwa mtu, hakujua, siku hizi matapeli wengi. Kapteni akatuma mtu kumwita nesi ng'ambo ya barabara. Nesi alikuja mbio, akainama, akaonyesha mpini wa betri moja.

"Hii plasta ni yangu," akasema. "Huu mpini uliwahi kunikata, nikaufunga kama mgonjwa. Jamani, si mnaiona? Nimeifunga mwenyewe."

Ilikuwa plasta ya kidonda, imechakaa, imezungushwa kwa ustadi wa mtu aliyefunga vidonda maisha yake yote. Tajiri akaitazama, akaitia leso mfukoni. Alikuwa na wiki nzima ya kuibandua. Alikuwa na hoteli, vyumba, basi zima la wateja kila asubuhi, na bado alitaka awe peke yake Kakuma nzima mwenye barafu jua likichomoza. Kwa ajili ya hiyo watoto wakakosa chanjo. Na baada ya kuipata hakuweza kuificha. Unafichaje barafu Turkana? Ni kama kuficha mvua.

Baadaye vijana wake wawili walieleza. Jumapili, mchana kweupe, sisi wote tukiwa kanisani tunaimba na tajiri akisoma matangazo, walisukuma mkokoteni uliofunikwa magodoro, wakavunja kufuli, wakaweka lao mahali pa lile la zamani. Mlinzi wa mchana hakuna, kwa sababu mchana wa Jumapili tumemwachia Mungu, na Mungu siku hiyo naona alikuwa anasikiliza matangazo. Mdogo wangu alipoingia kazini jioni, alikuwa analinda mende.

Kapteni hakupoteza safari. Gari lilikuwa na mafuta, benchi la nyuma lilikuwa na nafasi, na pingu zilikuwa zile zile. Zilitoka mikono ile zikaingia mikono hii, na inspekta akaelekea Lodwar na king'ora chake. Wiki hiyo tulisikia redioni kwamba betri zilipatikana kufuatia msako mkali ulioongozwa na afisa kijana na shupavu. Hakuna aliyetajwa kuwa alilala.

Mimi nilimleta mdogo wangu kibandani nikamkalisha. Alikuwa anasugua mikono palipokuwa na pingu.

"Dada," akasema mwishowe, "nipe soda."

"Ni ya moto."

"Nipe hiyo hiyo."

Akainywa yote bila kupumua. Kapteni naye akafika, ndala zikiburuta, akatafuta kiti. Nilikuwa nimekikalia mimi. Nikamfungulia chupa kwa heshima, akaikataa kwa mkono.

"Hapana, mama. Baridi inaniuma jino, na moto siipendi. Nipe chai ya jirani, yenye tangawizi."

Hapo nikazihesabu kichwani chupa zote alizoshika kibandani kwangu, nikazihesabu tena. Hakufungua hata moja. Na hasira, badala ya kupungua, ikapanda.

"Tangu ile habari ya taa," nikasema, "ulijua kwamba betri zilitoka kabla ya giza. Ulijua huyu hana kosa."

"Nilijua si yeye. Sikujua ni nani." Akapuliza chai. "Wa kwanza kichwani mwangu ulikuwa wewe. Ndugu analinda betri, dada ana friji. Nikaja kushika soda yako."

Mama chai akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa khanga. Mimi sikucheka.

"Na ukamwacha ndani siku zote hizo, na jina lake linaburutwa mkutanoni?"

"Ningemtoa, mwizi angezifukia betri kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, tusizione mpaka mwisho wa dunia. Mwizi huwasha friza akiona mtu mwingine amefungwa. Vibandani kote soda ilikuwa moto, ikabaki hoteli."

"Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa chambo chako."

"Pazia," akasema Kapteni. "Si chambo. Hakuumwa na mtu."

"Mkubwa, wewe hujalalia ile sakafu." Nilisimama ili nimwone vizuri, na kiti sikukiachia. "Haki unayo, betri unazo. Jina la huyu mtoto halijarudi. Jumapili utakuja kanisani, utasimama pale mbele anaposomea yule tajiri wako, uwaambie watu kwa mdomo wako."

"Nitamtuma inspekta."

"Wewe."

"Basi nitakuja na gari, nisemee kwenye kipaza sauti, nipitie tu."

"Utakuja kwa miguu. Watu wakuone unatembea, ndiyo watajua jambo lenyewe ni zito."

Alinitazama kwa huzuni ya kweli. Alijaribu nusu ya njia kwa boda boda, nikakataa. Alijaribu kusema akiwa amekaa, nikafikiri, nikashuka hapo: aseme amesimama, kisha akae. Tukakubaliana. Mdogo wangu alikuwa anatuangalia mmoja mmoja kama mtu anayeuzwa na kununuliwa.

Jumapili, jua likiwa kali la kuchemsha mawe, Kapteni alitoka kituoni kwa miguu. Watu walitoka vibandani kuona. Wa video walisimamisha sinema. Shati lilikuwa limelowa mpaka kifuani, na kila mti alioupita aliutazama kama ndugu anayemwacha. Alifika, akapita katikati ya viti mpaka mbele, akashika meza ya matangazo kwa mikono miwili.

"Mlinzi wa zahanati si mwizi," akasema. "Nilijua tangu Jumatatu. Mimi ndiye niliyemweka ndani, na yeye hakulala kazini hata siku moja. Kesho anarudi langoni kwake."

Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata, na mdogo wangu akainamisha kichwa, masikio yamemwiva.

Kapteni akageuka kutafuta mahali pa kukaa. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, cha mstari wa mbele, chenye mto, kile cha tajiri. Akajimwaga. Kabla mchungaji hajafungua kitabu, kofia ilikuwa imeshashuka usoni, na mkoromo wa kwanza ukaingia katikati ya sala.

Mdogo wangu alihama kutoka upande wetu, akaenda akakaa kando yake, mgongo umenyooka, macho wazi. Kila mtoto aliyejaribu kusogea kumgusa Kapteni tumbo, alimfukuza kwa kidole.

Alikaa hivyo mpaka ibada ikaisha, akimlinda.